Kilo za Papa Bulonza

Kaka yangu Adalbert hajui kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Goma wanapenda kulitaja mwishoni, kwa sauti ya chini, kana kwamba wamemkamata na kitu cha wizi. Hajui kuogelea, alizaliwa Butembo ambako maji mengi ni ya mvua, na boti zake za mbio ndizo zinazokimbia kuliko zote upande huu wa Ziwa Kivu. Karakana yake iko Katoyi, mbali na ziwa, katikati ya nyumba za watu. Boti ikimalizika tunaishusha hadi majini juu ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizofungwa pamoja, sisi wa ukoo tukitembea nyuma kama watu wa mazishi. Aliwahi kuulizwa kwa nini asihamie karibu na ziwa. Akajibu kwamba ziwa lina kelele.

Mimi ni Charline, mdogo wake. Nauza mafuta ya motere, zile injini za boti, pale bandari ya Kituku, na nina boti yangu ya kazi ninayoiendesha mwenyewe kupeleka bidon, yaani madumu ya mafuta, kisiwani Idjwi. Ni mwanamke mnene. Hilo nalo nalisema mapema, maana linaingia katika habari hii, na sitaki mtu anicheke tukifika hapo.

Zamani Adalbert alikuwa seremala wa milango. Siku moja mfanyabiashara mmoja alimletea boti ya mbio iliyokuwa mvivu, akamwomba abandike ubao tu. Adalbert aliichukua kama mlango. Aliipindua, akavuta kamba kutoka nyuma hadi mbele, akaona tumbo lake lina bonde dogo karibu na mkia, akalinyoosha. Boti ikaanza kushinda. Tangu hapo hakutengeneza mlango tena, na wa nyumba yake mwenyewe mpaka leo unafungwa kwa jiwe la volkano.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Goma iko juu sana. Motere ikifika hapa na nguvu zake zote za kiwandani inakosa hewa, inapumua kama mgeni anayepanda mlima Nyiragongo. Kwa hiyo Adalbert ana uchungu na kila kilo. Anajenga kwa mbao nyembamba za tripleksi na gundi, anaranda mbavu za ndani mpaka unaogopa kuzigusa, hata rangi anapaka mara moja tu na kukasirika. Halafu inakuja habari ya usawa. Motere inakaa nyuma, ni nzito, inavuta mkia chini na pua inataka kupanda. Kinachoizuia pua ni mtu. Piloti anakaa mbele, na uzito wake ndio unaoilaza boti vizuri, ikigusa maji kwa mkia tu. Pua ikiinuka kidogo, boti inakimbia. Ikiinuka zaidi, upepo unaingia chini ya tumbo, boti inapinduka kinyumenyume, na motere inamwangukia aliyekaa. Tumeshaliona hilo hapa, kwa kijana mmoja wa Bukavu, na silisimulii.

Ndiyo maana Adalbert hamtengenezei boti mtu asiyemjua. Anamtengenezea papa Bulonza. Papa kwetu ni baba, na huyu ni mtu wa Idjwi, mwenye umri wa kuwa na wajukuu, mpole, mnene kwa heshima, na mikono yake ikishika usukani hata upepo unatulia. Siku za kawaida anaendesha boti ya abiria. Siku za mashindano anaendesha ya kaka yangu. Kabla ya kukata ubao wa kwanza, Adalbert alimpeleka Bulonza sokoni, akampandisha kwenye mizani ya wauza maharage, kati ya magunia mawili, akiwa amevaa viatu na jileti ya kuokolea. Wauzaji walidhani anauzwa. Kwa kilo zile Adalbert akapiga hesabu, akapigilia kiti, na kiti kikipigiliwa hakisogezwi.

Boti ikapewa jina la Kahindo. Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na yeye hufanya hivyo kwa boti zake. Wa kwanza alikuwa Masika, akazama, lakini alihesabiwa, maana mtoto akifa hafutwi. Ana pia binti anayeitwa Kahindo nyumbani. Adalbert akisema mezani kwamba Kahindo analemea upande wa kushoto, mke wake anauliza kwanza ni yupi.

Msimu wa kwanza Kahindo alishinda kila kitu. Ilikuwa msimu wa pili, kiangazi, mashindano na watu wa Bukavu yakikaribia, ndipo Bulonza alipotoka kwenye mazoezi akaja kusimama mbele ya kaka yangu, maji yakimtiririka.

“Fundi, Kahindo iko inaruka.”

“Inaruka namna gani?”

“Sawa mbuzi.”

Adalbert aliipindua boti palepale ufukoni, akavuta kamba, akapitisha rula ya chuma kwenye tumbo lote, akalala chini kama anamtafuta nyoka. Tumbo lilikuwa limenyooka. Basi akashusha motere kidogo na kuisogeza pembe yake tundu moja ndani, ili isukume mkia juu na pua chini. Bulonza akazunguka tena, pua ikatulia. Tukafurahi, nikawauzia mafuta, kila mtu akaenda kwake.

Baada ya siku kadhaa mbuzi alirudi. Adalbert akahamisha tangi la mafuta mbele. Ikatulia. Ikarudi. Akasema labda elisi, ile feni ya chuma inayosukuma maji, inainua mkia vibaya, akasafiri hadi Bunagana kuchukua nyingine iliyotoka Uganda. Mpakani mtu mmoja wa forodha aliigeuzageuza, akadhani ni feni ya nyumbani, akauliza kama inapoza vizuri. Adalbert, ambaye hajui kudanganya, akasema inapoza maji tu. Wakamwacha apite. Elisi ikafungwa, pua ikatulia, pua ikarudi. Akasema tripleksi imenywa maji mkiani, akaikausha boti karibu na moto wa makaa mpaka jirani akaja kuuliza tunachoma nini. Kila dawa ilifanya kazi kwa muda mfupi na kisha ikachoka. Kaka yangu aliacha kula vizuri. Alikaa mbele ya boti ile akiitazama kama mtu anayesubiri jibu la mahari.

Sasa niseme jambo ambalo pale bandarini kila mtu alikuwa akiliona isipokuwa yeye. Papa Bulonza alikuwa amekonda. Si kidogo. Shingo ilikuwa imebaki peke yake ndani ya kola. Saa yake ya mkononi ilikuwa imehamia karibu na kiwiko. Mke wake, mama Émérance, ni mshonaji, na suruali za mume wake alikuwa akizipunguza kwa siri, mkunjo baada ya mkunjo, kwa hiyo ukimtazama kwa mbali nguo zilimkaa vizuri. Chini ya jileti alivaa sweta mbili, kwenye jua la kiangazi. Na alikuwa anakunywa maji. Anakuja kununua mafuta, anaomba maji. Anashuka kwenye boti, anaomba maji, halafu anakwenda nyuma ya ukuta, anarudi, anaomba tena.

Na hakuna aliyesema. Anayeshangaa si mtu wa huku. Hapa ukikutana na mtu unamwambia amenenepa, naye anakushukuru. Ukimwambia amekonda, umemtangazia msiba, au umesema ana ule ugonjwa ambao hautajwi, au wewe ndiye unayemla kwa uchawi. Jirani yangu Jeanine, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, alimwambia mjomba wa mume wake kwenye ndoa kwamba amekonda. Mjomba alikuwa mzee kuliko barabara ya Sake. Akafa wiki ileile. Mpaka leo ukoo mzima haumsalimii Jeanine, na kwenye sherehe anapewa kiti karibu na jenereta. Basi sote, mimi na Jeanine na makuli na wauza samaki, tulikuwa tukimpokea Bulonza kila asubuhi kwa sauti moja, “Papa Bulonza, umenenepa!”, naye anajibu, “Merci, merci.” Ilinikera, lakini niliitikia kama wengine.

Adalbert hakuitikia kwa sababu hakumwona. Ukimpelekea kaka yangu mtu na boti, ataiangalia boti, na mtu atamkumbuka jioni. Nilimwambia mara moja tukiwa wawili, kwa kuzunguka, nikimwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, “Yaya, labda boti haina maneno. Labda uangalie mbele kidogo.” Akaenda kuangalia mbele ya boti. Nilitaka kumpiga na bidon.

Zilibaki siku chache kabla ya watu wa Bukavu kufika. Asubuhi ile ziwa lilikuwa bapa, na Bulonza alipomfungulia Kahindo moto wa motere, pua haikuruka tena. Ilipanda tu. Ilipanda polepole na kukaa juu, tukaona tumbo lote jeupe, tukaona nafasi ya mwanga kati ya boti na maji. Bulonza akapunguza moto kwa mikono yake ile ya kujua, pua ikaanguka, akarudi taratibu. Alikuwa anatetemeka. Akasema ni baridi.

Adalbert uso wake ulikuwa wa majivu. Nilimwona kaka yangu akiogopa, na sijawahi kumwona hivyo hata wakati wa volkano. Akanigeukia mimi.

“Charline, ingia weye.”

“Miye? Niingie wapi?”

“Mu boti. Unajua kuendesha. Ipige mupaka kwa ile jiwe ya mu maji, urudi. Nataka kuona kwa inje.”

Nilifunga kitenge vizuri. Makuli walisogea kuangalia nitakavyoingia, na sitasahau sura zao. Niliingia. Kiti kilinipokea vizuri kabisa, kama kilipigiliwa kwa ajili yangu. Nikawasha, nikafungua moto kidogo, kisha zaidi, kisha nikasema basi, kama ni kufa nife nikiwa wa kwanza, nikafungua wote.

Kahindo alilala juu ya maji kama meza. Hakuruka hata mara moja. Nilizunguka jiwe, nikarudi, kitambaa cha kichwa kilishapotea, nami nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa. Sijawahi kupata raha ile, na sina haja ya kuificha.

Nilipofika ufukoni hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wameelewa na wote walikuwa wakiangalia chini, mmoja kamba, mwingine ndoo. Adalbert aliangalia mkia wa boti, akaangalia kiti, akaniangalia mimi nikitoka kwa shida kwenye kiti kile. Kisha akamwangalia papa Bulonza, kuanzia viatu hadi kofia, kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita. Alimwangalia jinsi anavyoangalia ubao.

“Tutajaribu tena kesho,” akasema, akaenda zake Katoyi.

Kesho yake alikuja na mfuko. Ulikuwa mfuko wa mchanga mweusi wa volkano, ameushona mdomo kwa mkono wake, na kuupima kwa gigozi, lile kopo la maziwa tunalopimia maharage. Aliuweka mbele ya kiti, chini ya miguu ya piloti, akaufunga kwa kamba. Bulonza akaingia, akaenda, akarudi. Pua haikupanda. Boti ilikuwa nzima kama siku ilipozaliwa.

Watu walifurahi sana, na nataka muelewe ni kwa nini. Lilikuwa limekwisha bila neno. Mfuko wa mchanga, mashindano yapo, papa Bulonza ana heshima yake, hakuna aliyemwaibisha mtu. Hata mimi nilisema ndani ya moyo, asante Mungu, kaka yangu leo amekuwa mtu mzima. Kama angenyamaza pale, hakuna ambaye angemlaumu mpaka kesho.

Bulonza alikuwa bado amekaa kwenye boti, anakunywa maji. Akaugusa mfuko kwa kiatu.

“Fundi, hii mufuko ni ya nini?”

Swali lile lilikuwa na jibu lake tayari. Ungesema ni ya upepo, au ni dawa ya motere, naye angekubali. Aliuliza ili ajibiwe hivyo.

“Ni weye,” Adalbert akasema.

“Ni miye namna gani?”

“Ni kilo zako zenye zilipotea. Boti haina kosa hata moja, niliitesa bure. Ni weye umekonda, papa Bulonza. Umekonda sana.”

Jeanine aliweka beseni lake la sambaza chini. Mtu mmoja nyuma yangu akasema “Ee Yezu” taratibu. Bulonza alifunga chupa yake ya maji, akachukua muda mrefu kuifunga.

“Unanitakia kifo, fundi?”

“Ningekuwa nakutakia kifo, ningenyamaza. Ningekufungia mufuko, ukimbie, watu bapige makofi.” Sauti ya kaka yangu haikupanda wala kushuka, ilikuwa ileile anayotumia kusema ubao umepinda. “Hii mufuko inasaidia boti. Weye haikusaidii. Juma ijayo nitaongeza gigozi ngapi? Na juma yenye kufuata? Nitafika siku moja nitakimbiza mufuko peke yake.”

Nilianza kulia, mimi, mbele ya wateja. Nililia kwa hasira, maana alisema kwa maneno machache kile ambacho soko zima lilikuwa likikimeza kila asubuhi.

Papa Bulonza hakutoka kwenye boti. Alikaa palepale, mikono kwenye usukani, motere ikiwa imezimwa.

“Niko na kiu,” akasema mwishoni. Alisema akiangalia ziwa. “Mwili yote imekuwa kiu. Nakunywa usiku muzima. Émérance ananiambia tuende kwa munganga wa hospitali, namwambia nyamaza. Nilimukataza kusema.”

“Basi miye sikukatazwa,” Adalbert akasema. “Toka mu boti.”

Walikwenda hospitali siku ileile, mama Émérance kati yao, kwenye pikipiki mbili. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akishona zile suruali huku akimwomba Bikira Maria amtume mtu, mtu yeyote, amwambie mume wake lile neno, na kwamba hakumtegemea Adalbert hata kidogo. Alikuwa akimtegemea padri.

Daktari alisema ni sukari. Bulonza akamwambia kuna kosa, yeye hatii sukari kwenye chai. Daktari akamweleza kwa subira, akamlaza, na kusema kwamba angechelewa kidogo tu wangemleta amelala. Nilikuwepo, nilikuwa nimewafuata.

Mashindano yalifanyika bila Kahindo. Waliniomba mimi niendeshe, na kaka yangu aliniangalia kwa matumaini ambayo sikuyapenda, nikakataa, nina mafuta ya kuuza. Watu wa Bukavu walishinda na kufurahi kupita kiasi. Wapo waliosema kwamba Adalbert aliharibu msimu kwa mdomo, wakapeleka boti zao kwa fundi mwingine, na wengine hawakurudi. Yeye alisema vizuri, sasa karakana ina nafasi.

Mfuko wa mchanga aliuning'iniza Katoyi kwenye msumari. Bulonza alipotoka hospitali, na sindano zake ndani ya sanduku dogo analolibeba kama sakramenti, alianza kuja sokoni kupanda mizani ya maharage. Kilo moja ikirudi, Adalbert anafungua mdomo wa mfuko, anatoa mchanga wa kilo moja kwa gigozi, anaumwaga nje mlangoni, anashona tena. Nje ya karakana pale sasa pana kilima kidogo cheusi, na kuku wa jirani wanaoga humo.

Majuzi Bulonza alipita bandarini asubuhi, anatembea vizuri, saa imerudi mkononi mahali pake. Wauza samaki wakampokea kama kawaida, “Papa Bulonza, umenenepa!”, na Jeanine kwa sauti kubwa kuliko wote. Yeye akajibu merci, merci, akawapita, akaja kusimama mbele ya bidon zangu.

“Mama Charline,” akasema, “weye unasemaje?”

Nilimwangalia kuanzia viatu hadi kofia, sikuharakisha. Kola bado ilikuwa kubwa.

“Bado, papa,” nikamwambia. “Ungali umekonda.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji yake kamili. Akanishukuru, akanunua mafuta, akaenda Katoyi kuuliza mfuko umebaki na kiasi gani.